Mkubwa wa Lango la Saba

Baba yangu aliacha kuitikia salamu zangu siku moja baada ya Krismasi, kwa sababu ya kaunta buku.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani Yakobi kula sikukuu na wazazi. Baba, mzee wa kanisa mstaafu ambaye bado anajiona yuko kazini, alikuwa anatafuta kalamu. Akafungua mkoba wangu, jambo ambalo amelifanya tangu nikiwa darasa la tatu na sijawahi kuona ubaya wake. Kalamu hakuipata. Alipata kaunta buku, na kwa kuwa baba husoma kila kitu chenye herufi, pamoja na migongo ya mifuko ya mbolea, akaisoma. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: JINSI YA KUMWITA MKUBWA WA LANGO LA SABA. Chini yake kulikuwa na mahitaji. Mduara wa chokaa. Chumvi ya mawe. Mishumaa saba. Funguo saba. Tone moja la damu ya mtu aliyekubali mwenyewe. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Jumamosi saa tisa. Waje wote. Nani analeta sukari?"

Sukari ilikuwa ya chai. Nilikuja kusikia baadaye kwamba hiyo sukari ndiyo iliyomsumbua kuliko damu.

Hakupiga kelele. Aliifunga, akaiweka mezani, akaweka Biblia juu yake kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Kesho yake asubuhi nilimkuta uani ananoa panga.

"Shikamoo baba."

Akaendelea kunoa.

Nikadhani hakusikia. Nikarudia. Akageuza panga, akaanza upande wa pili.

Kwetu baba anaweza kukuchapa, anaweza kukunyima shamba, anaweza kukusema mbele ya wajomba zako mpaka ukatamani ardhi ipasuke, na bado kesho asubuhi ukimwamkia ataitikia. Ataitikia huku amenuna, lakini ataitikia. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akipokea shikamoo na kuiacha chini. Nilisimama pale na sweta langu mpaka miguu ikapata baridi, kisha nikaingia ndani kumsaidia mama kumenya viazi.

Ngoja nieleze huo mchezo, maana watu wengi wenye akili zao wameshindwa kuuelewa, na siwalaumu.

Nina duka Makambako, si mbali na stendi. Nauza madaftari, kalamu na karatasi, natoa fotokopi. Nyuma ya duka kuna chumba chenye meza na taa moja. Kila Jumamosi alasiri tunakaa humo watu wanne. Hakuna ubao, hakuna karata, hakuna kuweka fedha. Mmoja anasimulia: mmefika kwenye mlango wa pango, mlango ni wa chuma, unatoa baridi, mnafanya nini? Wengine wanasema wanachofanya, kila mmoja akiwa ni yule mtu aliyejitungia kwenye karatasi. Jambo likiwa gumu, bahati inaamua. Basi. Watu wazima wanakaa saa tatu wakiwa watu wengine, kisha wanakwenda nyumbani kusonga ugali.

Mimi ndiye msimuliaji. Niliujua mchezo nikiwa chuoni Iringa, kwa msichana niliyelala naye chumba kimoja, ambaye alikuwa na kitabu cha kanuni kwenye kompyuta yake, Kiingereza kitupu, kurasa zaidi ya mia tatu. Nilikitafsiri kwa miaka miwili nikiwa kaunta, kati ya mteja na mteja. Kwa hiyo kuna sentensi katika kanuni zetu zinazokatika ghafla, kwa sababu hapo mtu alikuja kutaka nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Katika kitabu hicho dunia imejaa malango yanayofungukia dunia nyingine, na nyuma ya kila lango anakaa kiumbe mwenye nguvu za kutisha, ambaye ukijua namna ya kumwita atakuja kukusaidia. Tatizo lilikuwa jina la huyo kiumbe. Ningeweza kuandika jini. Ningeweza kuandika pepo, au mzimu. Niliyaogopa yote matatu, kwa kuwa chumba changu kinatazamana na nyumba ya mwinjilisti. Nikaandika Mkubwa, nikajiona nina busara sana. Haikunijia kwamba kwa mzee anayesikiliza mahubiri ya redio kuhusu frimasoni, ambao wote wana mkubwa wao mahali fulani, nilikuwa nimechagua neno baya kuliko yote. Na Desemba ileile nilikuwa nimenunua mashine mpya ya fotokopi.

Wachezaji wangu ni watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, ambaye kwenye mchezo ni mtaalamu wa malango. Huyu anaamini kanuni ndizo zinazowazuia watu wasilane. Mchezo unahitaji dadu ya pande ishirini, na Makambako nzima haina dadu hiyo, kwa hiyo seremala mmoja alituchongea kwa mti wa paina. Mwalimu aliitupa mara mia mbili, akaandika matokeo, akatangaza kwamba inapendelea kumi na nne. Tangu hapo tunaokota vikaratasi kwenye sufuria. Wa pili ni fundi cherehani, jirani yangu wa duka, mama wa watoto wanne, ambaye kwenye mchezo ni shujaa wa mkuki na humkaribisha chai kila anayekutana naye pangoni. Wa tatu ni dereva wa lori la viazi. Yeye kwenye mchezo ni mchungaji wa mbuzi anayeongea na wanyama. Akipata mzigo wa Dar es Salaam, mchungaji wake anaumwa tumbo mpaka arudi.

Siku ya kwanza tulipofungua lango, kitabu kilisema wazi: kiumbe akitokea, mwamrishe papo hapo kwa jina lake, kabla hajavuta pumzi. Ukichelewa atakula. Nikatangaza kwa sauti nzito kwamba ukungu umepasuka na kiumbe mrefu kuliko mnara wa simu ametoka. Mnafanya nini?

"Kamwene," akasema dereva.

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Namsalimia. Si amefika?"

Fundi akauliza kama huko atokako mvua zimeanza, na amewaachaje nyumbani. Mwalimu, mtu wa kanuni, akasema si vizuri kumweleza mgeni shida yako kabla hajakaa, akataka kujua kama kuna kiti kinachomtosha. Walimaliza nusu saa. Kwa mujibu wa kitabu walikuwa wameliwa zamani sana. Nilitazama kitabu, nikawatazama wao. Walikuwa wananingoja niseme huyo kiumbe ana watoto wangapi.

"Watatu," nikasema.

Basi nikabadilisha kanuni. Kwetu Mkubwa haamrishwi. Anapokewa. Anasalimiwa, anapewa kiti, anaulizwa ya nyumbani, ndipo anaambiwa shida, na akimaliza anasindikizwa mpaka kwenye kizingiti cha lango lake. Tumefungua malango sita kwa namna hiyo na hakuna aliyeliwa.

Miezi iliyofuata Krismasi nilikwenda Yakobi kila nilipoweza kufunga duka. Ni saa moja na kitu kwa kosta, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Baba hakunifukuza. Alinitengea nafasi mezani, akaniombea chakula pamoja na wengine. Ila hakusema nami. Alikuwa akisema na mama.

"Muulize mwanao kama amekula."

Mimi nimekaa naye goti kwa goti.

"Baba yako anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Amekula."

Mama alifanya kazi hiyo safari mbili. Ya tatu akasema, "Mimi si redio," akaenda jikoni, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza kama nimekula.

Nilijaribu kujieleza mara moja. Nikasema baba, ni mchezo, yote yameandikwa kwenye karatasi tu, hata hiyo damu ni ya kwenye karatasi. Baba akageukia ukuta, akauuliza kama mkataba nao si karatasi. Jibu lake sijalipata mpaka leo, na mimi ndiye ninayetoa nakala za mikataba ya nusu ya Makambako.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baba huniita mama. Nimebeba jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nikiwa na meno mawili mimi ni mama: mama njoo, mama lete maji, mama acha kulia. Hilo nalo alilizima siku ileile ya panga. Nina miaka thelathini na minane, nina duka, nina mashine ya fotokopi inayotoa pande mbili, na nilikuwa nikilia kwenye kosta ya kurudi Makambako huku nimegeukia dirisha kama mtu anayependa sana kutazama mashamba ya miti.

Lakini kila nilipokwenda nilimwamkia. Nikilala siku moja, mara moja. Nikilala mbili, mara mbili. "Shikamoo baba." Kimya. Sikuacha, na nadhani ilikuwa ukaidi zaidi kuliko heshima.

Mwezi Machi nilikaa kumalizia kanuni za lango la saba, ambalo ndilo la mwisho. Mkubwa wake ana miaka elfu tisa na ni mwenye baridi yote. Katika hadithi yetu bonde wanaloishi wachezaji lilikuwa limeganda kwa miaka mitatu. Viazi vimeungua kwa barafu, watoto wanalala na mbuzi wapate joto, na ni yeye peke yake anayeweza kuichukua baridi yake akaondoka nayo. Wachezaji walitafuta funguo za lango lake kwa miaka miwili ya Jumamosi. Mwisho wa ukurasa nikaongeza kanuni moja kwa kalamu: kila aliyemo chumbani atamsalimia Mkubwa, na Mkubwa ataitikia kila salamu. Hata moja tu ikikosa kuitikiwa mpaka hesabu ya kumi, lango litajifunga na halitafunguka tena.

Mwalimu aliisoma akauliza kwa nini Mkubwa wa miaka elfu tisa ashindwe kuitikia salamu.

"Kuna watu hawaitikii," nikasema.

Fundi cherehani alinitazama, kisha akaomba apitishiwe sukari.

Julai, baridi imekolea hasa, mama akapiga simu. Baba yako anakuja Makambako Jumamosi kununua miche ya parachichi. Nikamwambia mama, miche imejaa hapo Njombe jirani yenu, tena mizuri kuliko ya huku.

"Najua," akasema mama. "Na yeye anajua. Nimemwambia aende akaone kwa macho yake, badala ya kukaa hapa kulihukumu daftari."

Jumamosi yenyewe ndiyo tuliyokuwa tumepanga kufungua lango la saba. Niliwaza kuahirisha. Niliwaza kuwapa karata tujifanye tunacheza karata. Lakini nikiificha, basi ni kweli ina la kufichwa. Nikawaambia wenzangu kwamba baba yangu anakuja, tucheze kama siku zote. Wakasema sawa, na siku hiyo mwalimu akaja amevaa tai, fundi akaja na maandazi ya moto, na dereva, aliyeacha mzigo wa Dar kwa ajili ya lango, alikuwa amenyoa ndevu.

Baba alifika kabla ya saa tisa, na kofia yake na koti refu, Biblia ndani ya mfuko wa kitambaa. Fundi akapiga goti kidogo, "Shikamoo mzee." Marahaba. Mwalimu, shikamoo. Marahaba, hujambo mwalimu. Dereva, shikamoo. Marahaba. Alizitoa zote tatu vizuri, zimenyooka, kama mtu anayegawa maandazi.

"Shikamoo baba," nikasema.

Akaitazama mashine ya fotokopi. Aliitazama muda mrefu, kana kwamba ana nia ya kuinunua.

Niliumia kiasi kwamba nilisahau nilichokuwa nimeshika, na nilikuwa nimeshika birika. Fundi akanipokonya kabla sijajiunguza.

Baba alikaa kwenye benchi karibu na mlango, Biblia kwenye paja. Nilimwona akiangalia pembe za chumba, anatafuta mishumaa. Hapakuwa na mishumaa. Mduara wa chokaa haukuwepo, ni maneno tu. Chumvi ilikuwepo, ya mayai ya kuchemsha.

Tukaanza. Wakavuka daraja, wakaingiza funguo moja moja. Mwalimu akachovya mkono kwenye sufuria. Alihitaji kumi na tano kwenda juu. Akakunjua kikaratasi polepole: kumi na tisa. Dereva akapiga meza. Nami nikavua miwani.

Hiyo ni desturi yangu. Mkubwa akiongea, mimi navua miwani, kwa sababu bila miwani simwoni mtu yeyote sura, na nisipomwona mtu napata ujasiri. Nikashusha sauti tumboni. Nikasema ukungu unapasuka, theluji inasimama hewani, na kwenye lango amesimama yule ambaye baridi zote ni zake.

"Shikamoo Mkubwa," akasema dereva.

"Marahaba."

"Shikamoo Mkubwa. Karibu sana," fundi.

"Marahaba."

Mwalimu alisimama, akanyoosha tai. "Shikamoo."

"Marahaba."

Mambo yalikuwa yanakwenda. Kiti kilishatolewa. Nilikuwa najiandaa kuulizwa habari za nyumbani, na nilishaamua ana watoto mia tisa, wote wazima isipokuwa mmoja ana mafua. Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi.

"Ana umri gani huyo?"

Mwalimu akasema, "Miaka elfu tisa, mzee."

"Mimi nina sabini na tatu," baba akasema, kama mtu anayehakiki hesabu.

Benchi lilitoa mlio. Niliona koti refu jeusi linainuka, linasogea mpaka ukingoni mwa meza. Kisha nikaona kofia inatoka kichwani. Baba havui kofia isipokuwa kanisani na makaburini.

"Shikamoo," akasema.

Mwalimu hakufanya kwa ubaya. Ni mtu ambaye hawezi kujizuia. Kwa sauti ya chini akaanza kuhesabu.

"Moja."

Nilijua kinachotakiwa. Ni neno moja, na nilikuwa nimetoka kulisema mara tatu. Mbili. Bonde zima lilikuwa linaningoja, na watoto wao waliolala na mbuzi. Tatu. Nikafungua mdomo. Neno nililokuwa nalingoja kwake miezi saba, sasa yeye alikuwa amesimama analingoja kwangu, kofia mkononi, akiwa hana nywele katikati. Nne. Huyu ndiye aliyenifundisha shikamoo. Alinishika kisogo akaniinamisha mbele ya bibi, nikiwa sijajua hata kusema maji. Tano, sita. Nikajiambia ni Mkubwa anayeitikia, si wewe. Ulimi ukakataa. Ulilala tu mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Saba. Nane. Nikatikisa kichwa. Tisa.

"Kumi," mwalimu akasema.

Nikavaa miwani. "Lango limejifunga," nikasema. "Halifunguki tena."

"Miaka miwili!" fundi akasema, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Dereva aliinama akatazama sakafu. Mwalimu akaandika matokeo kwenye karatasi yake, maana kanuni ni kanuni, kisha akaiweka kalamu chini kwa uangalifu kana kwamba ndiyo iliyofiwa.

Baba alikuwa bado amesimama.

"Mama," akasema.

Nilidhani anamwita fundi.

"Mama, kwa nini hukuitikia?"

"Siwezi, baba," nikasema. "Wewe ni baba yangu."

Akavaa kofia. Akavuta kiti cha Mkubwa, ambacho kwenye mchezo kilikuwa cha barafu na kwenye chumba kilikuwa cha plastiki, akakaa mezani pamoja nasi, akachukua andazi. Akamuuliza fundi kama kuna sukari. Alipomaliza andazi la pili akamgeukia dereva, akataka kujua hao watu wa bondeni sasa itakuwaje.

"Ndiyo wamekwisha, mzee," dereva akasema. "Viazi vyote vimeungua."

"Wameving'oa?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amesema kama wameving'oa.

"Wasiving'oe," baba akasema. "Barafu inaunguza majani. Ukikiacha kiazi ardhini kinachipua tena. Wapandishie udongo tu, wangoje."

Mwalimu akaichukua kalamu, akaandika.

Nilimsindikiza stendi. Tulipitia kwa muuza miche, akanunua miwili, ili kwamba awe amekuja kununua miche. Niliibeba mimi. Tulipovuka barabara kuu ndipo alipoanza kunieleza.

"Niliambiwa mtu akishaingia huko," akasema, "anayeongea ndani yake si yeye tena. Nikasema nitamwamkia. Kama kuna kitu humo, kitaipokea shikamoo yangu bila haya. Mwanangu hawezi."

"Na kama ningeitikia?"

"Ningerudi Yakobi bila miche."

Nilikasirika. Nakiri. Kazi ya watu wanne ilikuwa imeharibika ili mzee mmoja afanye kipimo chake.

"Miaka miwili, baba," nikasema. "Tumelitafuta lango hilo miaka miwili."

"Miezi saba," akasema baba, na niliposikia alivyoisema, hasira ikaniishia, kwa kuwa alikuwa anahesabu ya kwake.

Kosta ya Njombe ilikuwa imeshawasha injini. Akapanda, nikampitishia miche dirishani, akaiweka kati ya miguu. Nilitaka kumwambia kwaheri, lakini neno lililonijia halikuwa kwaheri. Ilikuwa jioni, tumeshinda pamoja, na hakuna anayemwamkia mtu anapoagana naye. Nikasema hivyo hivyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama," akasema. Kisha akatoa mkono nje ya dirisha, akaushika mkono wangu. "Hiyo ni ya sasa. Zipo kumi na saba ambazo sikuitikia. Ya mwisho ni ya leo pale dukani, karibu na mashine."

Mimi sikuwa nimezihesabu.

"Marahaba," baba akasema. "Marahaba. Marahaba." Alikuwa anaziitikia moja moja, akiacha nafasi kati ya moja na nyingine kama salamu za asubuhi tofauti, na kwa kila moja ananibinya kidole. Abiria wa nyuma yake waligeuka. "Marahaba. Marahaba. Marahaba."

Konda akapiga bodi. "Mzee, tunaondoka."

"Subiri, kijana," baba akasema bila kumtazama. "Bado kumi na moja."